Bili ya umeme California: jinsi ya kupata punguzo la kipato kidogo na punguzo la mgonjwa

Mashine ya oksijeni ina mlio wa kukoroma unaousikia kabla hujabisha hodi. Siku niliyokwenda kumjulia hali mzee mmoja jirani yetu hapa San Diego, mlio haukuwepo. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mrija wa puani umening'inia shingoni, anahema kama mtu aliyepanda mlima.

"Shikamoo mzee. Mashine imeharibika?"

"Marahaba mwanangu. Nimeizima tu. Kuanzia saa kumi mpaka saa tatu usiku umeme ni ghali, mjukuu amenisomea kwenye bili."

Bili yenyewe ilikuwa mezani, imekunjwa mara nne. Punguzo la CARE, lile la kipato kidogo, lilikuwemo, tena kwa miaka mitatu. Lililokosekana ni punguzo la pili, lile linalotolewa kwa sababu ya mashine yenyewe. Kliniki haikumwambia, aliyeleta mashine hakumwambia, na sisi majirani tunaomsomea barua zake za Kiingereza hatukufikiria kuuliza. Tangu siku ile, nikiingia nyumba yenye mgonjwa, huomba kuiona bili ya umeme kabla sijaondoka.

Mwongozo huu ni kwa ndugu wanaoishi California: Wakongo waliopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, Warundi, Wasomali Bantu, Wakenya, Watanzania. Majimbo mengine ya Marekani yana taratibu zake. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba mapunguzo ni ya aina mbili na kila moja lina fomu yake. La kwanza, CARE au FERA, huangalia pesa zinazoingia nyumbani. La pili, Medical Baseline, haliulizi pesa kabisa. Linaangalia mwili wa mgonjwa na mashine anazotumia. Ukiwa na sifa za yote mawili, unapewa yote mawili kwa wakati mmoja.

Anza na bili yako

Wengi wetu tumelelewa na LUKU au tokeni. Unanunua uniti, zikiisha taa zinazimika, unajua mfuko umekauka. Hapa mita inahesabu kimya kimya, bili inakuja baada ya mwezi kupita, na deni linaweza kukua miezi mitatu huku taa zinawaka vizuri. Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Nyumbani Tanzania, mteja mdogo wa TANESCO anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi anauziwa kwa bei nafuu kwa sababu ya udogo wa matumizi yake. California hakuna anayekuangalia akaona hali yako akakushushia bei. Unaweza kutumia umeme kidogo sana, ukawa na kipato kidogo sana, na bado ukalipa bei kamili miaka kumi kwa kuwa hukuomba.

Kwa hiyo chukua bili ya mwezi huu, karatasi au kwenye simu, utafute mambo haya.

Kampuni. Kaskazini na katikati ya jimbo wengi wako na PG&E. Kusini, kuzunguka Los Angeles, ni SCE kwa umeme na SoCalGas kwa gesi. San Diego ni SDG&E kwa vyote viwili. Kampuni hizi zinasimamiwa na tume ya jimbo iitwayo CPUC, na mapunguzo ninayoyaeleza hapa ni yao. Ukikaa ndani ya jiji la Los Angeles umeme wako ni wa LADWP, na Sacramento ni SMUD. Hayo ni mashirika ya umma yenye mapunguzo ya majina mengine: LADWP wana EZ-SAVE kwa kipato kidogo na punguzo la wenye mashine za kuwaweka hai, SMUD wana EAPR kwa kipato na MED Rate kwa wagonjwa. Mantiki ni ileile, fomu ni zao.

Usishtuke ukiona jina la pili kwenye bili, kwa mfano San Diego Community Power. Hao ndio wanaonunua umeme, na kampuni ya zamani inausafirisha hadi kwako. Punguzo bado unaliomba kwa kampuni inayokutumia bili.

Jina la mwenye akaunti. Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Akaunti ilifunguliwa na kaka aliyetangulia kufika, kaka akahamia Texas, jina lake likabaki. Punguzo linatolewa kwa mtu mwenye jina kwenye bili anayeishi katika nyumba hiyo. Badilisha jina kwanza, ndipo ujaze fomu. Kama umeme unalipwa na mwenye nyumba ndani ya kodi, huna bili, kwa hiyo huna pa kuombea CARE. Ila wanaoishi kwenye maeneo ya nyumba za matrela, ambako mwenye eneo ana mita kubwa na kila nyumba ina mita yake ndogo, wana fomu maalumu, na mwenye eneo analazimika kuwapitishia punguzo lao.

Mwisho tazama kama neno CARE limeandikwa mahali popote kwenye mahesabu. Kama lipo, ruka sehemu inayofuata uende moja kwa moja kwenye habari ya mgonjwa.

CARE na FERA: punguzo la kipato

CARE hupunguza bili ya umeme kwa asilimia 30 hadi 35 na bili ya gesi kwa asilimia 20. FERA ni kwa wale wanaozidi kidogo mpaka wa CARE, na hupunguza umeme tu, kwa asilimia 18. Huwezi kuwa na zote mbili. Zamani FERA ilitaka kaya ya watu watatu au zaidi. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 iliondoa sharti hilo, kwa hiyo mama anayeishi peke yake aliyekataliwa zamani ajaribu tena.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Mwaka 2024 CPUC iliidhinisha tozo isiyobadilika ya kila mwezi kwenye bili za umeme za kampuni hizi kubwa, unayolipa hata kama hukuwasha taa. Kwa mteja wa kawaida ni dola 24.15. Kwa mteja wa CARE ni dola 6, na wa FERA ni kama dola 12. Asiye na CARE anapoteza pande zote mbili.

Unaingia CARE kwa njia moja kati ya mbili.

Njia nyepesi: mtu yeyote katika kaya akiwa anapata Medi-Cal (bima ya afya), CalFresh (pesa za chakula), WIC (chakula cha mama na mtoto), CalWORKs (pesa za familia zenye watoto), SSI (pesa za wazee na walemavu), LIHEAP (msaada wa bili ya umeme na gesi) au chakula cha bure cha shuleni kwa mpango wa taifa, kaya nzima inastahili. Weka alama kwenye jina la mpango huo, basi. Kwa familia zetu nyingi zenye watoto, hii peke yake inatosha.

Njia ya pili ni hesabu ya kipato cha mwaka cha kila anayeishi hapo, kabla ya kodi kukatwa. Viwango vilivyoanza tarehe 1 Juni 2025 ni hivi:

- Mtu 1 au 2: CARE hadi dola 42,300, FERA hadi 52,875
- Watu 3: CARE hadi 53,300, FERA hadi 66,625
- Watu 4: CARE hadi 64,300, FERA hadi 80,375
- Watu 5: CARE hadi 75,300
- Watu 6: CARE hadi 86,300, na kila anayeongezeka ongeza 11,000

Viwango hubadilika kila tarehe 1 Juni, na kwa kawaida hupanda. Aliyekosa kidogo mwezi wa nne arudi mwezi wa sita.

Tazama safu hiyo ya mwisho kwa makini, kwa sababu familia zetu ni kubwa na wengi hujitoa wenyewe kabla hawajapiga hesabu. Chukua nyumba ya watu wanane: baba yuko ghalani, binti mkubwa analea wazee hospitalini, kijana anaendesha magari ya kusambaza mizigo usiku. Wanaona watatu wanafanya kazi, wanasema "sisi si maskini, tuwaachie wengine." Kwa viwango hivyo, mpaka wa CARE kwa watu wanane ni dola 108,300. Nyumba hiyo huenda imo ndani kabisa. Tena punguzo hili halina idadi ya nafasi; ukichukua wewe hujamnyang'anya mtu.

Hofu nyingine ninayoisikia kila wiki: "Je, haitaharibu karatasi zangu?" Fomu ya CARE haiulizi hali yako ya uhamiaji wala nambari ya Social Security. Wala si pesa unazokabidhiwa na serikali. Ni bei unayouziwa, na gharama yake inabebwa na wateja wengine kupitia tozo iliyomo kwenye bili zao.

Kuomba kwenyewe ni dakika kumi. Unaweza kujaza kwenye tovuti ya kampuni, kwa simu, au kwa karatasi. Uwe na nambari ya akaunti, idadi ya wakubwa na watoto, na ama jina la mpango unaopata ama jumla ya kipato. Huhitaji kuambatanisha hati za mshahara wakati wa kuomba. Ukipiga simu, sema neno moja, "Swahili", usubiri, wataunganisha mkalimani. Usikate simu ukisikia kimya au muziki, ndiyo wanamtafuta.

Masharti mawili madogo yanayosahaulika: usiwe umeandikwa kama tegemezi kwenye fomu ya kodi ya mapato ya mtu mwingine asiye mwenzi wako, na usiwe unachangia mita na nyumba nyingine.

Punguzo huanza kwenye bili inayofuata baada ya kukubaliwa. Halirudi nyuma kufuta bili za miezi iliyopita, ndiyo maana kila mwezi unaosubiri ni pesa iliyokwenda.

Kisha kuna barua mbili za kuogopa, na zote huja kwa Kiingereza. Ya kwanza ni ya kuhakiki kipato: kampuni huchagua baadhi ya wateja na kuwataka walete ushahidi ndani ya siku zilizotajwa. Hapo ndipo hati za mshahara au barua ya Medi-Cal zinapotakiwa. Usipojibu unaondolewa, hata kama unastahili. Ya pili huwajia wanaotumia umeme mwingi kupita kiasi. Ukizidi asilimia 400 ya kiwango cha msingi cha eneo lako, utatakiwa kuthibitisha kipato na kukubali kufanyiwa marekebisho ya nyumba bure. Ukizidi asilimia 600, unapewa siku 90 za kushuka, la sivyo unafungiwa nje kwa miaka miwili. Nyumba ya watu kumi yenye hita za umeme kila chumba inaweza kufika huko bila mtu kujua.

Marekebisho hayo yanaitwa Energy Savings Assistance, na usiyangoje kwa kulazimishwa. Wanakuja kuziba mianya ya milango, kuweka taa za LED, pengine kubadilisha friji kuukuu, bila malipo, hata kwa mpangaji ilimradi mwenye nyumba akubali. Mpaka wa kipato ni sawa na ule wa FERA.

Medical Baseline: punguzo la mgonjwa

Kila nyumba ina kiwango cha msingi, yaani idadi ya uniti kwa siku zinazouzwa kwa bei ya chini, kulingana na hali ya hewa ya eneo na msimu. Ukizidi hapo, kila uniti inapanda bei. Medical Baseline inaongeza kiwango hicho kwa karibu uniti 16.5 za umeme kwa siku, yaani kama uniti 500 kwa mwezi, na themu 25 (themu ni kipimo cha gesi kwenye bili) kwa mwezi kwa wanaohitaji joto la gesi. Uniti hizo hazitolewi bure. Unazilipia, ila kwa bei ya chini badala ya ile ya juu.

Rudi kwa mzee wetu. Mashine yake ina maandishi mgongoni: wati 350. Kwa saa 24 ni uniti 8.4 kwa siku, karibu 250 kwa mwezi. Mashine hiyo peke yake inaweza kumaliza karibu kiwango chote cha msingi, halafu friji, taa na jiko karibu vyote vinahesabiwa kwa bei ya juu. Akipata nyongeza ya 16.5, mashine inafunikwa yote na ziada inabaki. Na kwa sababu ana CARE, asilimia zake zinakatwa juu ya bili iliyokwisha kuwa ndogo. Mahitaji yakizidi nyongeza hiyo, kwa mfano kuna mashine ya kupumulia na ya kusafisha figo nyumba moja, unaweza kuomba zaidi, kampuni itahesabu.

Anayestahili ni mtu yeyote anayeishi hapo kwa kudumu, si lazima awe mwenye jina kwenye bili. Mtoto mchanga anahesabiwa, bibi pia. Awe na moja kati ya haya:

Kwanza, anategemea mashine ya umeme nyumbani kwa ajili ya uhai au kutembea: mashine ya oksijeni, ya kupumulia, ya kuvuta makohozi, nebulaiza, mashine ya kusaidia pumzi usingizini, ya kusafisha figo nyumbani, pampu ya kulishia, kiti cha magurudumu cha umeme.

Pili, hali ya mwili inayomfanya ahitaji joto au ubaridi zaidi ya watu wengine: kupooza upande au miguu au viungo vyote, multiple sclerosis, scleroderma, kinga ya mwili iliyodhoofika, au ugonjwa unaotishia maisha ambao daktari anathibitisha kwamba bila hita au kiyoyozi hali itazorota. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, anayejua baridi inavyoleta maumivu, aingie kwa daktari wake akiwa ameshika kipengele hiki. Vivyo hivyo anayetibiwa saratani.

Vifaa vya kutuliza tu kama mito ya kupasha joto, mashine za kukanda mwili au za kuongeza unyevu kwa kawaida havihesabiki.

Sasa fomu. Ina sehemu ya mteja na sehemu ya daktari, na karibu kila fomu niliyoona imekwama, ilikwama kwa daktari. Ya mzee wetu ilikaa wiki saba kwenye kliniki. Mjukuu aliiacha mapokezi, mapokezi wakaiweka kwenye trei, daktari akaenda likizo. Baada ya hapo nimejifunza kufanya hivi:

1. Pakua fomu ya kampuni yako na ujaze sehemu ya mteja nyumbani, kwa utulivu, jina likifanana herufi kwa herufi na lililo kwenye bili.
2. Andika kwenye karatasi ya pembeni kila mashine, jina lake, wati zake, na saa inazowashwa. Piga picha kibandiko cha mgongoni.
3. Weka miadi kwa ajili ya fomu hiyo, au ibebe siku ya kliniki ya kawaida uimpe daktari mkononi. Muuguzi bingwa au msaidizi wa daktari mwenye leseni pia anaruhusiwa kusaini.
4. Kabla hujatoka, kagua vitu vinne: jina la mashine au ugonjwa, alama ya joto au ubaridi kama unahusika, muda wa hitaji kuwa wa kudumu au wa muda, na sahihi pamoja na nambari ya leseni. Kimoja kikikosekana fomu inarudishwa.
5. Piga picha kurasa zote. Kisha tuma kwa njia iliyoelekezwa.

Kampuni kubwa zina pia fomu ya mtandaoni, ambayo daktari anaikamilisha kwenye kompyuta yake. Hiyo ni haraka zaidi kama kliniki imeizoea.

Kwa habari za mwili, usimfanye mtoto kuwa mkalimani. Nimemwona binti wa miaka kumi na mbili akimtafsiria mama yake habari za figo, na alilotafsiri halikuwa lililosemwa. Kliniki inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Omba siku unapoweka miadi.

Jambo moja la kuuliza kampuni baada ya kukubaliwa: "Mpango wangu wa bei una kiwango cha msingi?" Ipo mipango isiyo na kiwango hicho, na nyongeza haifanyi kazi kwa namna ileile. Mwombe mhudumu alinganishe mipango kwa matumizi yako ya mwaka mzima, akuweke kwenye wenye nafuu.

Mzee alikubaliwa mwezi wa tisa. Sasa mashine inakoroma jioni yote, saa za bei ghali zikiwemo.

Kama tayari una deni

Usijifiche. Kampuni ikikuona unazungumza nayo, ina njia nyingi zaidi za kukusaidia kuliko ikikukuta umenyamaza.

Omba mpango wa kulipa kwa awamu. Wateja wa nyumbani wanaruhusiwa hadi miezi 12. Kwa walio kwenye CARE au FERA, ulizia Arrearage Management Plan. Huo unataka uwe na deni la dola 500 au zaidi, sehemu yake ikiwa imezidi siku 90. Ukilipa bili yako ya kila mwezi kwa wakati, wanafuta sehemu moja ya kumi na mbili ya deni la zamani. Mwaka mmoja wa kulipa vizuri unafuta deni lote, hadi dola 8,000. Ukikosa mara mbili mfululizo unatolewa, kwa hiyo usiingie mpaka CARE na punguzo la mgonjwa vimekwisha kuonekana kwenye bili na umeona unaweza kuilipa hiyo bili mpya. Mpangilio huo una maana kubwa. Nimeona familia ikiingia na bili ya bei kamili, ikashindwa mwezi wa tatu.

LIHEAP ni pesa za serikali kuu zinazolipwa moja kwa moja kwa kampuni kupunguza bili yako, kupitia mashirika ya kila kaunti. Piga 211 wakuelekeze shirika la mtaa wako. Fedha zake huisha, kwa hiyo omba mapema, na utaje kama nyumbani kuna mzee, mlemavu au mtoto mdogo, kwani hao hupewa kipaumbele.

Kuhusu kukatiwa: kampuni hizi haziruhusiwi kukata umeme kwa deni ikiwa utabiri wa saa 72 zijazo unaonyesha joto la zaidi ya nyuzi 100 za Fahrenheit au baridi chini ya 32. Mgonjwa wa Medical Baseline ana kinga zaidi. Mfanyakazi lazima afike nyumbani kabla ya kukata, na kama huna uwezo wa kulipa yote lakini umekubali kulipa kwa awamu, hawatakiwi kukukatia.

Upepo unapovuma

Kuna sababu ya pili ya kuomba Medical Baseline ambayo nadhani ni nzito kuliko pesa. Siku za upepo mkali na ukame, kama ule wa Santa Ana huku kusini, kampuni huzima umeme kwa makusudi ili nyaya zisiwashe moto wa nyika. Inaweza kuwa saa chache, inaweza kuwa siku mbili. Aliye kwenye orodha ya Medical Baseline hupigiwa simu na kutumiwa ujumbe tena na tena mpaka ajibu, na asipojibu mtu hutumwa kugonga mlango. Asiye kwenye orodha anapata taarifa kama jirani yeyote.

Kwa hiyo hakikisha nambari ya simu waliyonayo ni ya mtu anayepokea, si ya mjukuu aliye darasani. Andika na ya pili. Mwombe aliyeleta mashine mtungi wa akiba wa oksijeni usiohitaji umeme, na ujue unadumu saa ngapi. Ulizia kampuni kama eneo lako lina msaada wa betri za kubebeka kwa wagonjwa; PG&E na SDG&E wamekuwa wakizitoa. Na wakati umeme umezimwa, 211 husaidia kupata usafiri au mahali pa kulala penye umeme kwa mgonjwa.

Kulinda ulichopata

CARE huhuishwa kila miaka miwili kwa wengi, na kwa muda mrefu zaidi kwa wenye kipato kisichobadilika kama pensheni. Medical Baseline nayo ina tarehe yake: mwenye hali ya kudumu hujithibitisha mwenyewe kwa muda uliowekwa, mwenye hali ya muda anarudi kwa daktari. Barua za kuhuisha huja kwenye bahasha inayofanana na matangazo. Siku unapokubaliwa, weka ukumbusho kwenye simu miezi miwili kabla ya tarehe, ili upate sahihi ya daktari kwa wakati hata fomu ikikwama wiki saba kama zile.

Ukihama, usidhani punguzo limehama nawe. Kagua bili ya kwanza ya nyumba mpya, mstari kwa mstari.

Mtu akikupigia simu akisema umeme unakatwa ndani ya nusu saa usipolipa kwa kadi za zawadi, ni tapeli, hata kama anajua jina lako. Kata, kisha piga nambari iliyo kwenye bili. Na yeyote anayetaka umlipe ili akujazie fomu ya CARE anakuibia. Fomu hizi ni bure.

Kampuni ikikukatalia na unaona umeonewa, lalamika CPUC, simu 800-649-7570. Tume hiyo pia inagharamia huduma iitwayo CHANGES, ambayo kupitia mashirika ya jamii huwasaidia watu wasiojua Kiingereza vizuri kuelewa bili, kubishana na kampuni na kujaza fomu hizi. Waambie tangu mwanzo kwamba unataka Kiswahili, na uende na bili tatu za mwisho pamoja na ile picha ya kibandiko cha mashine.